Funguo Nne

Cheti cha kuzaliwa kinasema Situmai.
Kitambulisho kinasema Stumai.
Herufi moja tu, i,
nyembamba kuliko sindano namba tisa,
nukta yake juu kama kichwa cha pini,
ndiyo iliyonichoma.
"Kafanye kiapo kwa wakili, urudi,"
alisema yule kijana wa dirishani bila kuinua macho.
Nikaenda, nikaapa, nikarudi.
Safari haikungoja.

Na mhazini ni mimi.
Miezi ishirini na sita nilikusanya elfu tanotano za Jumamosi,
nikamfuata Anyimike mpaka saluni, kichwa nusu kimesukwa,
anidanganye huku namtazama.
Walitaka Dubai. Nikasema Dubai watu huenda kununua,
twendeni Ngazidja tukatembee.
Nikajua bei ya chumba cha Moroni
kuliko bei ya sembe hapa Keko.
Nilipima mimi, nikakata mimi, nikashona mimi.
Wakavaa wenzangu.

Jumatano alfajiri, uwanja wa ndege, wakanikabidhi funguo:
wa Anyimike una utepe mwekundu,
wa Kokubelwa umefungwa pamoja na wa kabati,
wa Havijawa una harufu ya vitunguu,
na wa Sikujua, ambao hata yeye
hana hakika ni wa mlango gani.
"Tutakuletea," walisema kwa pamoja,
kama watu wanaomuaga mgonjwa.
Mlango wa kioo unajifungua wenyewe kwa kila mtu.
Hata kwangu ulijifungua nilipousogelea.
Nikarudi nyuma hatua mbili, ukajifunga.

Nikamwagilia maua ya Kokubelwa.
Nikamlisha paka wa Havijawa, asiyenipenda.
Simu ikawa inaingiza sauti zao,
upepo, vicheko, mtu anakohoa:
"Stumai! Huku ukimpa mtu pesa anakwambia marahaba!
Hajaamkiwa na mtu! Marahaba kwao ndiyo asante!"
Nikasikiliza mara tano. Mara ya sita
nikasikia nyuma yao mwanamke ananadi kitu,
maneno yake nusura niyaelewe,
kama jirani anayeongea nyuma ya ukuta.
Ikaja picha: miguu kwenye mchanga.
Nikaihesabu. Minane.

Ijumaa nilifunika cherehani.
Nikavaa lile gauni nililolishona kwa ajili ya Moroni,
kitenge cha njano, mifuko miwili,
mmoja nimeukata kwa kipimo cha pasipoti.
Nikashuka Feri, nikalipa nauli, nikavuka Kigamboni.
Hakuna aliyeniuliza cheti.
Ni maji ya dakika chache tu,
lakini nilisimama mbele kabisa, nimeshika chuma,
na nilipogeuka, Dar es Salaam ilikuwa ng'ambo,
maghorofa yake ya watu nisiowajua,
mji ambao mtu angeweza kuuwekea akiba.
Nikala mihogo ya kukaanga kwa pilipili.
Nikapiga picha ya miguu yangu. Miwili.
Nikaifuta, sijui kwa nini.

Jumamosi usiku wamerudi, mabega yamebabuka.
Wana kichupa cha marashi ya mlangilangi,
wana vanila imeviringishwa ndani ya soksi,
na wana ugomvi: Anyimike na Sikujua
hawasemezani tangu siku ya pili,
jambo la samaki na nani alimwagiza.
Kila mmoja ananivuta pembeni anisimulie upande wake.
Nasikiliza. Ndiyo kazi ya mhazini.

Nikawarudishia funguo, mmoja mmoja,
nikitia alama daftarini.
"Marahaba," akasema Kokubelwa.
"Sijakuamkia," nikamjibu,
tukacheka wote, hata wale wawili,
mpaka Havijawa, fundi mwenzangu, jicho lake halikosi uzi,
akaushika upindo wa gauni langu:
"Hili umelivaa lini? Lina doa la pilipili."

Nikafungua ukurasa mpya.
"Leo Jumamosi," nikasema. "Elfu tano."